Maktaba za vyuo zisiwafungie walimu milango

Mwalimu wa shule ya upili anayeishi Malaba na kusomea shahada ya uzamili wakati wa likizo anayo leo, angalau kwa nadharia, maktaba ambayo babake hangeweza kuiota. Kwa nambari ya usajili na neno la siri, aweza kufungua JSTOR, au hazina za Research4Life zilizoanza mwaka 2002 kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani, akasoma majarida ambayo hayajapata kuonekana Busia yakiwa yamechapishwa kwa karatasi.

Nasema kwa nadharia kwa sababu mlango huo una kufuli mbili. Ya kwanza ni ya mitambo. Hifadhidata hizi huitambua tarakilishi iliyo ndani ya chuo kwa anwani yake ya mtandao, nazo huifungulia bila maswali. Aliye nje sharti apitie ukurasa wa maktaba na kujitambulisha, ndipo chuo kimdhamini. Hapo ndipo wengi hukwama. Neno la siri lilitolewa siku ya kusajiliwa, likasahaulika; jipya hutumwa kwa baruapepe ya chuo ambayo mwenyewe hajawahi kuifungua; naye mkutubi hupatikana saa za kazi, mwalimu akiwa darasani. Huku mpakani kuna kero nyingine ndogo: simu hudaka mawimbi ya Uganda bila idhini ya mwenyewe, ukurasa ukakatika katikati. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi walirudi makwao na anwani ya chuo ikabaki chuoni.

Kufuli ya pili ndiyo inayoniudhi. Katika vyuo vingi, mwalimu akishahitimu, ruhusa yake hukoma. Tumemfunza kutafuta ushahidi, kisha baada ya kumvisha joho tukamnyang'anya zana. Wanafunzi wake wa kidato cha nne watafundishwa kwa madondoo ya miaka iliyopita.

Najua nitakavyojibiwa: mikataba na wachapishaji huwataja wanafunzi na wafanyakazi wa chuo pekee, na fedha ni haba. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana maktaba za Kenya ziliungana mwaka 2003 katika KLISC ili kugawana gharama. Hata hivyo, mikataba mingi humruhusu mgeni aliyefika mwenyewe maktabani asome kwenye tarakilishi zilizomo. Ni walimu wangapi waliowahi kuelezwa hivyo? Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2022, kiko kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba. Si safari ya kumlaza mtu njiani, hasa katika eneo lililoipa Afrika Mashariki bodaboda.

Wakati huohuo, walimu wasingoje kufunguliwa kila kitu. Tasnifu nyingi za Chuo Kikuu cha Nairobi husomwa bila neno la siri, na mwalimu wa Kiswahili aweza kulisoma bure jarida la Swahili Forum, ambalo, ajabu ni kwamba, hutolewa Ujerumani.

Ninachoviomba vyuo si fedha mpya. Vibandike langoni tangazo linaloeleza haki ya mgeni, viruhusu neno la siri lirekebishwe kwa simu, na viwaweke wakutubi zamu siku ambayo shule zimefungwa. Jumamosi moja kwa mwezi ingetosha kuanzia.