UFUNDI WA NYUMBANI: Pangaboi Lisilotaka Kuzimika

Mwezi huu tuzungumze juu ya pangaboi, yaani ile feni inayoning'inia darini. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu wakati huo vijiji vingi vya Tanzania vimepata umeme. Taa zimekuja, na mapangaboi yamekuja. Ni jambo jema. Lakini chombo kipya kina tabia zake. Yafaa tuzijue.

Jioni moja jirani yangu aliniita mbio. Nilikuta pangaboi la sebuleni linazunguka kwa kasi.

"Fundi, tangu jana usiku halisimami," alisema. "Nazima swichi, wapi! Uniti zinakwisha."

Kijana wake alikuwa amesimama ukutani, miguu mitupu. Alikuwa na bisibisi mkononi. Anafungua skrubu za swichi.

"Acha, mwanangu!" nilisema. "Ondoka hapo."

"Lakini mzee, swichi si imezimwa?" aliuliza.

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo somo letu la leo. Kuzima swichi ni jambo moja. Kukata umeme ni jambo jingine.

Nilikwenda kwenye swichi kuu, karibu na mita. Nikaizima. Pangaboi likapunguza mwendo, likasimama. Nikamweka kijana pale alinde, mtu yeyote asiiwashe. Kisha nikapima waya kwa testa. Nilipohakikisha hakuna umeme, nikafungua swichi ya ukutani. Niliona makosa mawili.

Kosa la kwanza lilikuwa ndani ya swichi. Ndani ya swichi mna vipande viwili vya chuma. Ukiwasha, hugusana na umeme hupita. Ukizima, huachana na umeme hukatika. Kila vinapoachana, cheche ndogo huruka. Cheche hizo huviunguza kidogo kidogo. Swichi ikiwa mbovu au imechakaa, vipande huweza kuyeyuka na kushikana. Hapo hata ukibonyeza mara 100, pangaboi litazunguka tu.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Fundi wa kwanza aliifunga swichi kwenye waya usiostahili. Umeme wa nyumbani huhitaji njia mbili. Waya wa moto huleta umeme. Waya mwingine huurudisha, na mafundi huuita nyutro. Swichi lazima ikate waya wa moto. Hii ilifungwa kwenye nyutro.

Je, kuna ubaya gani? Ukikata nyutro, pangaboi husimama, maana umeme hauna njia ya kurudi. Lakini waya wa moto bado umefika mpaka kwenye pangaboi. Mtu akipanda kufuta vumbi na kugusa waya ulio wazi, mwili wake ndio utakuwa njia. Umeme huo ni wa volti 230. Unaua.

Kwa hiyo kumbuka: pangaboi kusimama si ushahidi kwamba umeme umekatika.

Basi, pangaboi lako likikataa kuzimika, fanya hivi:

1. Subiri kidogo. Pangaboi lililozimwa huendelea kuzunguka kwa muda, huku likipunguza mwendo. Huo si ubovu.

2. Tazama kile kitufe cha kuzungusha, chenye namba za mwendo. Kama ukikirudisha 0 halisimami, lakini ukizima swichi linasimama, basi huenda kitufe ndicho kibovu. Tumia swichi mpaka fundi aje kukibadilisha.

3. Kama swichi nayo hailisimamishi, zima swichi kuu. Ikibidi, laleni bila umeme usiku huo. Giza la usiku mmoja halimdhuru mtu.

4. Usizuie mapanga yake kwa fimbo wala ufagio. Usivute waya. Usiguse swichi kwa mikono yenye maji.

5. Kama swichi ina moto, inanukia kuungua au inalia, usiiguse kabisa. Zima swichi kuu mara moja.

6. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwambie abadilishe swichi, na pia apime kama inakata waya wa moto. Apime na swichi nyingine zote za nyumba. Fundi aliyekosea mahali pamoja huenda amekosea na pengine.

Sasa tuhesabu hasara. Mapangaboi mengi hutumia wati 75 hivi. Likizunguka saa 24, hula karibu uniti 2 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 54. Na tena, pangaboi halipoozi chumba. Husukuma hewa tu, nasi tukiwa na jasho tunaona baridi. Likizunguka katika chumba kisicho na mtu, halimfaidii yeyote.

Swichi mpya haina gharama kubwa. Jirani yangu alinunua moja dukani, tukaifunga kwenye waya wa moto. Tulipomaliza, kijana alirudi kutoka kwenye swichi kuu. Alikuwa amekaa pale muda wote, hakuondoka hata mara moja. Nilimshukuru. Maisha yangu yalikuwa mikononi mwake.

Maswali ya kujadili na wenzako:

1. Swichi kuu ya nyumba yako iko wapi? Je, kila mtu mzima nyumbani anajua kuizima?

2. Kwa nini pangaboi lililosimama laweza kuwa na umeme?

3. Kwa nini mtu mmoja alinde swichi kuu wakati fundi anafanya kazi?

Tukutane mwezi ujao.

Fundi wenu