Mapenzi ya Mateka: Tafakuri juu ya Filamu ya Kusturica

Wahenga walinena kuwa mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Emir Kusturica aliuweka ukweli huo katikati ya vita vya Bosnia alipotoa filamu yake ya Kiserbia, Život je čudo, yaani 'Maisha ni Muujiza', mwaka wa 2004. Filamu hiyo iliwania tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka huo, na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo ya César nchini Ufaransa katika kitengo cha filamu za Ulaya. Sifa hizo inazistahili. Hata hivyo, lipo swali ambalo mtazamaji aliyenaswa na utamu wa kisa hulipita mbio: je, mateka aweza kupenda kwa hiari yake?

Mwaka ni 1992. Luka, mhandisi Mserbia, anashughulikia reli katika milima ya Bosnia na anakataa katakata kuamini kwamba vita vinakuja. Vinakuja. Mwanawe, Miloš, anaitwa jeshini na kutekwa. Mkewe, mwimbaji wa opera, anatoroka na mwanamuziki. Ndipo Luka anapokabidhiwa Sabaha, muuguzi Mwislamu, amweke hadi atakapobadilishwa na Miloš. Wawili hao wanapendana.

Mgogoro huu umesukwa kwa ustadi mkubwa. Baba akimpata mwana, atampoteza mpenzi. Akimshika mpenzi, atamsaliti mwana. Hata punda aliyevunjwa moyo na mapenzi, asimamaye relini akingojea kifo, ni ishara ya Luka mwenyewe, na hatimaye ndiye anayemwokoa.

Lakini dhiki hizo zote ni za Luka. Sabaha ana dhiki yake, nayo haipewi uzito uo huo. Yeye ndiye bei ya mtu mwingine. Akimkataa mwenye nyumba, ataelekea wapi?

Swali hili si la kubuni. Mnamo Februari 2001, mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa kivita mjini The Hague iliwahukumu Waserbia watatu wa Bosnia kwa ubakaji waliowatendea wanawake na wasichana Waislamu wa Foča, mashariki mwa Bosnia. Mmoja wao alijitetea kwamba yeye na msichana aliyemshikilia walikuwa wapenzi. Mahakama ilikataa hoja hiyo. Filamu ilitoka miaka mitatu baadaye.

Luka si mtu wa namna hiyo. Ni mpole, na ukatili haumo moyoni mwake. Aidha, yamkini wapo watakaosema kuwa sanaa si mahakama, na kwamba msanii ana haki ya kuota upendo palipo na damu. Ni kweli. Ila upole wa mlinzi haumfanyi mlindwa kuwa huru, na ndoto inayosahau ufunguo uko mfukoni mwa nani ni ndoto ya upande mmoja.

Kwa hiyo, mhakiki wa fasihi na aitazame kazi hii kwa macho mawili: moja lishangilie muujiza, la pili limtafute Sabaha. Kila kisa cha mapenzi ya vitani kiulizwe kwanza kama yule anayependwa angeweza kusema la, kisha akaondoka salama.