Mapine makubwa bila kubadilisha kuroni: tusipoteze mali ya koperative



Katika koperative za kahawa ninazotembelea kwenye milima ya Kalehe, ulizo moja linarudi kila mara: « Agronome, barabara imeharibika. Tuinue kamioneti yetu na tuivalishe mapine makubwa? »

Mimi si mekanisiye. Lakini kahawa yenu njo kazi yangu, na kahawa nyekundu haingojei gari. Ikivunwa asubuhi, lazima imenywe siku ile ile. Ikilala ndani ya mifuko inaanza kuchacha, na bei inashuka. Kwa hiyo gari ikikosa nguvu kwenye mlima, hiyo ni habari ya kilimo pia.

Nimeona hayo kwa macho. Koperative moja iliinua resori za kamioneti yao na kuweka mapine makubwa. Watu wote walifurahi, gari ilionekana kuwa na nguvu. Kisha msimu ukafika. Kwenye mlima, na mzigo wa kahawa nyuma, shofere alilazimika kuchezesha ambreyaje kila mara alipoanza kupanda. Siku moja ambreyaje ikaungua katikati ya njia. Kahawa ililala pale siku mbili. Watu walimlaumu shofere, lakini kwa maoni yangu kosa lilianzia kwenye mkutano wetu. Tulipiga kura juu ya mapine, na hakuna mtu aliyeuliza juu ya kuroni. Hata mimi nilikuwa pale, na nilinyamaza.

Kuroni ni nini? Ndani ya ponti ya gari muko gia mbili: pinyo ndogo inayozungushwa na kardani, na kuroni kubwa inayozungusha magurudumu. Tuseme pinyo iko na meno 9 na kuroni meno 37. Gawanya 37 kwa 9, utapata 4.11. Maana yake, kardani inazunguka mara 4.11 ili gurudumu lizunguke mara moja. Wenye kutengeneza gari walichagua hesabu hiyo kulingana na moteri, mzigo na ukubwa wa pine.

Sasa chukueni pine ya 235/85R16. Urefu wake toka chini mpaka juu ni karibu milimeta 806. Mukiweka pine ya inchi 35, inafika milimeta 889. Ni asilimia 10 zaidi. Gurudumu linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini nguvu ya kusukuma udongo inapungua. Moteri ni ile ile. Kwa gari yenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo, kwenye mlima ni sawa na kuongeza kilo 300. Hiyo ni mifuko 5 ya kilo 60 ambayo munabeba kila safari na hakuna mtu anayeilipia.

Ili kurudisha nguvu, hesabu si ngumu: 4.11 mara 889, gawanya kwa 806. Inatoa 4.53. Kuroni ya meno 41 na pinyo ya meno 9 zinatoa 4.56, njo karibu kabisa. Ikiwa gari ni 4x4, lazima mubadilishe ponti mbili zote, ya mbele na ya nyuma, kwa hesabu moja. Mukibadilisha ya nyuma tu, siku mutakapoweka 4x4 ponti hizo zitashindana, na kitu kitavunjika. Kazi hii inaomba fundi mwenye vipimo, anayejua kupanga nafasi kati ya meno na kuangalia alama ya rangi kwenye meno. Ikipangwa vibaya, kuroni mpya inalia na kuharibika upesi. Baada ya kazi, gari itembee kwanza bila mzigo mzito, kisha mafuta ya ponti yabadilishwe.

Mashofere wengine wananiambia: « Hapana shida, tutatumia vitesi fupi ya 4x4. » Ni kweli, kwenye mlima mkali wenye matope hiyo njo njia nzuri, na inaokoa ambreyaje. Lakini hauwezi kutembea kilometa 30 hivyo na kufika kwenye mashine ya kumenya kabla ya usiku. Tena freni nazo zinapata kazi zaidi kusimamisha pine kubwa, na gari iliyoinuliwa inapinduka kwa urahisi zaidi ikiwa na mzigo mrefu kwenye kona. Kuroni mpya haitengenezi hayo mawili. Hata kontere inadanganya: ikisema kilometa 100, mumetembea karibu 110. Musipohesabu hivyo, hesabu yenu ya mazutu na ya kubadilisha mafuta ya moteri haitakuwa sawa.

Na faida ni gani? Kuinua resori kunainua shasi na sanduku, lakini ponti inabaki pale pale. Pine peke yake njo inainua ponti, na katika mfano wetu inaiinua sentimeta 4 tu. Mawe mengi yanayogonga ponti kwenye njia zetu yanapita sentimeta 4.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: ao tufanye kazi yote, ao tuache. Kabla ya kupiga kura, komite ilete karatasi moja yenye bei ya vitu vyote pamoja: mapine, resori, kuroni na pinyo za ponti mbili, kazi ya fundi, mafuta, na uangalizi wa freni. Asiyeleta bei ya kuroni hajaleta bei ya mapine.

Mukiona pesa haitoshi, hakuna haya. Nunueni mapine ya ukubwa ule ule, lakini yenye meno marefu ya matope. Mara nyingi gari yetu inakwama sababu pine inateleza, si sababu ni fupi. Pimeni mzigo, musipakie kwa macho. Na kabla ya mavuno tupange salongo: tufungue mifereji ya maji na tujaze mawe kwenye mashimo mabaya ya mlima. Mashimo kumi yakijazwa, gari ya jirani pia inapita, na mama mwenye mzigo mgongoni pia anapita.

Mkutano ujao, mutu akisimama kusifu mapine makubwa, musimkatae. Mumuulize tu: kuroni iko na meno ngapi? Mimi nitakuwa pale, na safari hii sitanyamaza.