Kitabu Kizima, Si Madesa



Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na vijana wetu wengi wa Kilosa na Mikumi wanatamani kazi ya kuongoza watalii. Ila Kiingereza chao ni cha madesa: muhtasari, wahusika, dhamira, basi. Mwanafunzi anakutajia dhamira tano za Takadini na kitabu chenyewe hajawahi kukishika. Mtihani anafaulu. Mgeni akimuuliza habari za kwao, anaangalia viatu.

Naomba watoto wetu wasome kitabu kizima.

Tuchukue hichohicho, Takadini cha Ben Hanson. Sekai amengoja mtoto miaka mingi. Anapojifungua, mtoto ana ualbino, na mila zinataka auawe. Anatoroka naye. Hata jina la mtoto, Takadini, ni swali la Kishona: tumefanya nini? Aliyesafiri na mama huyu ukurasa kwa ukurasa hahitaji kukariri neno la Kiingereza la kutoroka. Halafu mwalimu aulize: Sekai angebisha hodi kwetu, Rudewa au Kimamba, nani angemfungulia? Hapo darasa halinyamazi. Waacheni wajibu, hata kwa Kiingereza cha kuombea maji.

Anayefundisha wakubwa kidogo asisahau Mwalimu Nyerere. Mfanyabiashara wa Shakespeare, yule wa Venice, katika tafsiri yake aligeuka Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa nini mabepari, tena wengi? Swali hilo peke yake lina vipindi viwili ndani yake, na hakuna desa litakalolijibu.

Kwa hiyo, waongoza watalii wa Mikumi, tupeni Jumamosi moja kwa mwezi mje kusoma sura moja kwa sauti; ninyi mna matamshi na visa vya wageni. Wanachuo wa Chuo cha Ualimu Ilonga, karibuni muongoze mazungumzo. Mzazi, ukimkuta mwanao na hadithi jioni, usimwambie aache mchezo akasome, anasoma huyo. Na mwenye nakala sebuleni, hata iliyopoteza jalada, aipeleke sekondari ya kata yake wiki hii.

Zangu mbili nimeshazifuta vumbi.