Tuachieni Macho Yetu

Mnatuambia tuvae miwani ya uhalisia pepe, ati ndio maigizo ya kesho. Hebu ngojeni kidogo. Kule London, tangu 2022, ABBA wanaimba wakiwa picha za kompyuta, lakini bendi inayowapigia ni ya watu kabisa, wanaotoka jasho.

Sasa kumbukeni Kamiriithu, Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda, serikali ikapiga marufuku. 1982 polisi wakaja kubomoa ukumbi wenyewe. Waliogopa nini, mbao? Waliogopa watu waliokaa pamoja, wakatazamana, wakaelewana.

Ukinifunika macho, jirani yangu nitamwonaje? Teknolojia leteni, sawa, lakini iwekeni jukwaani tuione sote. Shoo ya kila mtu na miwani yake haitamkosesha mkubwa yeyote usingizi.