Simu Nimenunua Mimi, Mbona Google Washike Funguo?

Wasee, skizeni. Agosti 2025 Google walitangaza: programu ya Android, hata ile unatoa nje ya Play Store, lazima aliyeitengeneza ajisajili kwao na kitambulisho. Wanaanza Septemba 2026 na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand. Kuanzia 2027 ni dunia nzima, yaani hata sisi wa Kario. Walipopigiwa kelele wakaahidi kuachia "wazoefu" kanjia.

Sababu eti usalama. Usalama gani? Zile programu za mikopo zilikuwa zinapigia mama yako na bosi wako juu ya kadeni kako zilikuwa wapi? Ndani ya Play Store! Google walianza kudai leseni ya CBK 2023, baada ya kanuni za 2022 kuzibana.

Fundi wa Light Industries akitengeneza jiko, haombi supamaketi ruhusa ndio akuuzie. Sasa kijana wa hapa akiandika programu, mbona aombe Google ndio anitumie kwa Bluetooth?

Ndio, APK chafu ziko. Hiyo GB WhatsApp wachana nayo. Lakini nionye tu. Kunifungia simu nimelipa mwenyewe? Zii.