Meli Ikikamatwa kwa Deni, Nani Hulipwa Kwanza?

Mtu wa shambani akishindwa kulipa madeni yake, wadai wanajua nyumba yake ilipo, na shamba lake halihami. Lakini meli ni mali inayotembea. Leo iko Kilindini, mwezi ujao iko Singapore, na mwenyewe huenda ni kampuni iliyoandikishwa katika nchi ambayo meli hiyo haijapata kuiona. Kwa sababu hiyo, tangu zamani sheria ya bahari imewapa wadai fulani haki ya kuidai meli yenyewe, kana kwamba meli ndiyo iliyokopa, na kuiomba korti iikamate bandarini.

Wasomaji wasidhani kwamba jambo hili ni la mabaharia peke yao. Linamhusu pia mkulima ambaye mboga zake hupelekwa melini kwa mkopo, na karani anayeandika hesabu za mkopo huo.

Na tufanye mfano. Meli ya mtu aliyefilisika imekamatwa, ikauzwa mnadani kwa amri ya korti, zikapatikana shilingi 1,000,000. Gharama za korti za kuikamata, kuilinda na kuiuza ni shilingi 60,000. Watu walioiokoa ilipokuwa karibu kuzama wanadai 200,000. Mabaharia wanadai mishahara yao ya kabla ya hatari ile, 140,000. Benki iliyokopesha fedha kwa rehani ya meli inadai 800,000, na mwenye duka aliyeleta vyakula anadai 150,000. Jumla ya madai ni 1,350,000. Je, kila mmoja apunguziwe kidogo ili wote wapate? Sivyo.

Kwa desturi ya korti za Kiingereza, gharama za korti hutolewa kwanza, kwa kuwa bila mnada hapana fedha za kugawanya. Wa pili ni waokoaji, kwani kama wasingaliiokoa meli, wadai wengine wote wangalikuwa wanadai maji ya bahari. Tena, waokoaji wakiwa wengi kwa nyakati mbalimbali, wa mwisho hulipwa kwanza, maana ndiye aliyewahifadhia haki wale waliomtangulia. Wa tatu katika mfano wetu ni mabaharia. Hapo zimebaki shilingi 600,000, nazo zote huchukuliwa na benki, ambayo hata hivyo imepungukiwa 200,000. Mwenye duka hapati hata senti.

Huenda msomaji akauliza kwa nini baharia maskini atangulizwe mbele ya benki. Jibu ni kwamba benki iliingia katika mkopo kwa macho yake, ikachagua hatari yake na kujiwekea faida. Baharia hana rehani ila jasho lake, naye huweza kuachwa katika bandari ya ugeni bila chakula wala nauli ya kurudia kwao.

Madai ya waokoaji, ya mabaharia, na ya mtu aliyegongwa na meli kwa uzembe, yana nguvu nyingine kubwa: huiandama meli hata ikiuzwa kwa mtu mwingine. Katika mwaka wa 1851 Privy Council ya London iliamua hivyo katika shauri la meli Bold Buccleugh, iliyoigonga meli nyingine kisha ikauzwa. Mnunuzi hakuwa na habari ya ajali ile, lakini dai lilimfuata. Kinyume chake, anayenunua meli katika mnada wa korti huipata safi, na wadai hugeukia zile fedha za mnada.

Lakini sheria si moja duniani. Katika Marekani, mtengenezaji wa meli hupewa dai lenye kuiandama meli. Katika sheria ya Kiingereza hapewi, ila anaweza kuizuia meli maadamu ingali mikononi mwake. Meli iitwayo Halcyon Isle ilitengenezwa New York katika mwaka wa 1974, ikaondoka kabla ya deni kulipwa, ikakamatwa Singapore. Fedha za mnada hazikutosha. Katika mwaka wa 1980 Privy Council, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba daraja za wadai hufuata sheria ya nchi ya korti inayogawanya fedha. Benki yenye rehani ikatangulia mbele ya watengenezaji.

Yako pia Mapatano ya Geneva ya 1993, yaliyoanza kutumika mwaka wa 2004 katika nchi zilizoyakubali. Chini ya mapatano hayo dai la namna hii hufa baada ya mwaka mmoja, isipokuwa meli imekamatwa kabla ya hapo na kukamatwa huko kukaishia katika mnada.

Basi mashauri yangu ni haya. Baharia asikae kimya miezi mingi akingoja ahadi za nahodha. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Mtengenezaji asiiachilie meli kabla ya kulipwa. Na wewe unayepeleka mboga melini, usidanganywe na ukubwa wa chombo. Taka fedha taslimu kabla kamba hazijafunguliwa gatini, kwani siku ya mnada utasimama nyuma kabisa katika mstari, na huenda kapu likawa tupu zamu yako itakapofika.